Kupima na kubadilisha nyaya za breki na gia za baiskeli

Breki ikiwa nzito au gia ikigoma kushuka, wengi hununua waya mpya na kuuchomeka kwenye kava (mrija wa nje unaopitisha waya) ile ile ya zamani. Wiki chache baadaye malalamiko ni yale yale, kwa sababu kutu na vumbi vimo ndani ya kava. Badilisha vyote viwili kwa pamoja, na muda wako mwingi uutumie kupima na kukata kava.

Kabla ya kununua, tofautisha. Waya wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6, wa gia ni mwembamba, 1.1 au 1.2. Angalia na kichwa: breki za usukani ulionyooka hutumia kichwa cha pipa dogo lililolala, za usukani wa mbio hutumia kichwa kinachochongoka kuelekea kwenye waya. Kava ya breki kwa kawaida ni milimita 5, na chuma chake kimezungushwa kama springi. Ya gia ni milimita 4, nyuzi zake zimelala kwa urefu. Usiweke kava ya gia kwenye breki hata kidogo. Ukibana kwa nguvu, nyuzi zile zinaweza kuchomoka kwenye plastiki, na breki itakutupa pale unapoihitaji.

Hatua ya 1: Piga picha njia ya kila waya. Upande wa gia, hamishia cheni kwenye sproketi (gurudumu la meno) ndogo kabisa ili waya ulegee. Legeza bolti inayoubana, kata kikofia cha ncha ya waya, uchomoe.

Hatua ya 2: Laza kava ya zamani sambamba na mpya, uweke alama. Lakini usiiamini tu. Huenda aliyeifunga alikosea. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Kava ikivutika, ongeza urefu. Ikichomoza mbele ya usukani kama sikio la sungura, punguza. Kipande cha nyuma kinachoingia kwenye kihamisha cheni ndicho kinachofupishwa mno na watu: kiache kipinde kwa upana, bila kona. Ukisitasita, kata ndefu. Ndefu utaipunguza, fupi utaitupa.

Hatua ya 3: Chomeka kipande cha waya wa zamani ndani ya kava, ukate vyote kwa koleo kali ya nyaya. Kava haitabonyea. Sasa chungulia ncha. Kwenye kava ya breki mara nyingi hubaki kijino cha chuma kilichojikunja kuelekea ndani, na hicho kitaukwaruza waya kila ukibana. Kisawazishe kwa tupa mpaka ncha iwe bapa, kisha fungua mrija wa plastiki kwa msumari mwembamba. Itazame kwenye mwanga: tundu liwe duara kamili. Ndipo uvishe vikofia vya ncha za kava.

Hatua ya 4: Kaza skrubu ya kurekebishia (ile inayozungushwa kwa vidole pale kava inapoingia) hadi mwisho, uirudishe mzunguko mmoja. Pitisha waya, ukihakikisha kichwa kimekaa vizuri kwenye mkono wa breki au swichi ya gia. Tone la mafuta mepesi linatosha. Grisi nzito hunasa vumbi. Usikate mkia wa waya bado.

Hatua ya 5: Kwa breki za rimu, shikilia mpira wa breki kwenye rimu kwa mkono mmoja, vuta waya, kaza bolti. Bana mkono wa breki kwa nguvu mara kadhaa. Waya utalegea. Watu husema waya umerefuka, lakini kwa kiasi kikubwa ni ncha za kava zinazojikalia. Vuta tena, ukaze.

Hatua ya 6: Waya wa gia uvute kwa mkono tu, ukaze. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, badilisha gia moja moja. Cheni ikichelewa kupanda sproketi kubwa, fungua skrubu ya kurekebishia robo mzunguko. Ikichelewa kushuka, ikaze robo.

Hatua ya 7: Kabla ya kupanda, bana breki ya mbele huku ukiisukuma baiskeli. Mkono wa breki ukigusa usukani, rudi hatua ya 5. Ukiridhika, kata mkia ubaki sentimita 4 hivi, uvishe kikofia na kukiminya. Waya ukiachwa wazi nyuzi hufumuka, na waya uliofumuka ukishautoa kusafisha kava, haurudi tena.