Kupima sumu ya maji kwa vitunguu, kama tunavyofanya darasani

Jirani yangu ana bustani ya mchicha kando ya mtaro, huku kwetu Morogoro. Kiangazi kimoja miche ikawa inadumaa bila sababu ya kuonekana, akaja mlangoni na ndoo mkononi. "Mwalimu, wewe si unafundisha biolojia? Haya maji yana sumu au hayana?"

Nilimwambia: bibi, ukiyapeleka maabara kubwa, swali la kwanza watakuuliza wewe. Wapime nini? Risasi? Zebaki? Kiuatilifu gani? Kila kimoja kina bei yake, na usichokitaja hakipimwi. Mimi ninacho kipimo kisichouliza maswali hayo. Niachie ndoo, nipe siku nne.

Kipimo chenyewe ni kitunguu maji. Ncha ya mzizi wake imejaa seli zinazogawanyika mchana na usiku, na zimezama moja kwa moja ndani ya maji unayoyashuku. Kikiwapo kitu cha kudhuru, mara nyingi huanza kujionyesha hapo. Mswidi Albert Levan aliitumia mizizi ya vitunguu mwaka 1938 kuchunguza kolkisini, dawa ya jongo iliyo sumu pia, na mwaka 1985 Geirid Fiskesjö wa nchi hiyo hiyo akaandika namna ya kuitumia kupima uchafuzi wa mazingira. (Levan ndiye yule yule ambaye mwaka 1956, pamoja na Joe Hin Tjio, alitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 46, zile nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli. Vitabu vilikuwa vikifundisha 48. Wanafunzi wangu hufurahi sana kusikia kwamba vitabu navyo hukosea.)

Anza na vitunguu. Mimi hununua Soko Kuu la Chifu Kingalu, vile vyekundu vya Ruaha Mbuyuni, na muuzaji ameshazoea kuniona nikichagua vidogo wakati wengine wanagombania vikubwa. Nataka vinavyolingana, kama limau dogo, vikavu, visivyochipua wala kuwa na ukungu. Vyote vitoke gunia moja. Ukichanganya vya magunia mawili utakuwa unapima magunia, si maji. Nunua 40 hata kama unahitaji 36, maana vipo vitakavyogoma kuota kwa sababu zao wenyewe.

Menya maganda makavu ya nje tu. Kisha geuza kitunguu utazame kitako: kuna kishada cha mizizi ya zamani, mikavu kama brashi iliyochakaa. Ikwangue kwa wembe mpaka uone duara jeupe, ukome hapo. Duara hilo ndilo linalotoa mizizi mipya. Ukilikata, kitunguu chako kitakaa siku tatu kimenyamaza na wewe utasema maji yameua. Kazi hii simpi mwanafunzi mwenye haraka.

Vyombo visikusumbue. Makopo ya mtindi yaliyooshwa vizuri yanatosha, ilimradi mdomo wa kopo ukishike kitunguu, kitako kiguse maji na mwili ubaki nje. Kopo likiwa pana, choma kitunguu vijiti vitatu vya meno pembeni kikae juu yake.

Maji ya kupimwa yateke kwa chupa safi uliyoisuza mara tatu kwa maji hayo hayo, ijaze pomoni, funga. Andika saa na mahali. Saa ina maana yake: mtaro wa asubuhi baada ya watu kupiga dawa bustanini si mtaro wa jioni. Kwa bibi nilichukua mara mbili, siku ya kawaida na siku ya mvua ya kwanza iliyoosha mashamba ya juu.

Sasa sehemu iliyoniaibisha mimi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Bila maji ya kulinganisha huna kipimo, una vitunguu vimekaa kwenye makopo. Darasani maji hayo tunayaita shahidi. Mwaka wa kwanza nilimchagua shahidi kwa jeuri ya kujua: maji ya mvua kutoka tangi la shule, nikisema hakuna maji safi kuyazidi. Siku ya tatu vitunguu vya mtaro vilikuwa na mizizi kama ndevu za babu, vya shahidi vina vijiti vifupi vya rangi ya kahawia. Darasa zima likashangilia kwamba mtaro ni mbolea, na kijana mmoja akapendekeza tuyauze.

Ilinichukua wiki kuelewa. Paa letu lilikuwa la mabati mapya, na bati huwa limepakwa zinki. Mvua huitelemsha zinki kidogo kidogo hadi tangini, na zinki ikizidi mizizi haipendi. Nilipokinga mvua ile ile kwa beseni la plastiki katikati ya uwanja, mizizi ilitoka mirefu zaidi, ingawa bado si ya kusifiwa. Mvua tupu haina chokaa, na mzizi unaokua unahitaji kalisi. Tangu hapo shahidi wetu ni maji ya chemchemi kutoka miguuni mwa Uluguru. Kama huna chemchemi, tumia ya bomba, lakini yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke.

Weka na shahidi wa pili, yule mbaya. Huyu ni maji yenye sumu unayoijua, ili uhakikishe vitunguu vyako vina uwezo wa kuumia. Sisi hutumia mrututu, yaani salfeti ya shaba, ule wa buluu waliozoea wakulima wa kahawa. Vaa glavu, usiupumue, na usimwache mtoto peke yake nao. Yeyusha gramu 1 katika lita 1 ya maji ya shahidi. Chota mililita 10 za hayo kwa bomba la sindano, ongeza maji ya shahidi hadi itimie lita 1. Hapo una miligramu 10 za mrututu kwa lita, na karibu robo yake ndiyo shaba yenyewe. Macho hayaoni buluu yoyote tena, lakini kitunguu kinaiona: mizizi hudumaa waziwazi. Ukiendelea kuyazimua nusu kwa nusu, 5, 2.5, 1.25, utaona inarudi kukua hatua kwa hatua. Shaba kidogo sana ni chakula cha mmea. Ikizidi ni sumu. Paracelsus aliandika mwaka 1538 kwamba kiasi ndicho kinachofanya kitu kiwe sumu, na sijawahi kupata njia bora ya kulifundisha hilo kuliko kopo nne za mrututu zilizopangwa dirishani.

Maji ya mtaro nayo yazimue vivyo hivyo. Nusu lita ya mtaro na nusu lita ya shahidi, hiyo ni asilimia 50. Chukua nusu ya hiyo uizimue tena, 25. Tena, 12.5. Pamoja na yale yasiyozimuliwa una viwango vinne, na mashahidi wawili, jumla makundi sita ya vitunguu sita sita. Watu hupenda kuruka hatua hii wapime mtaro mtupu tu. Usiruke. Maji yanayoua mzizi yakiwa asilimia 100 lakini yanauacha salama yakiwa 50 ni tatizo tofauti kabisa na maji yanayoua hata yakiwa 12.5.

Usiandike "mtaro" wala "shahidi" kwenye makopo. Andika herufi, na ufunguo wa herufi akae nao mtu asiyepima. Nimeshuhudia msichana mwaminifu kabisa akipima mzizi mmoja milimita 18 alipodhani ni wa mtaro na 22 alipodhani ni wa shahidi. Hakudanganya, jicho lake lilikuwa na upande.

Makopo yakae gizani, ndani ya boksi au kabati, mbali na jiko. Kila siku saa ile ile mwaga maji, weka mapya ya kundi lile lile. Baada ya siku ya kwanza toa kitunguu kimoja kilicho nyuma kuliko wenzake katika kila kundi, pamoja na kundi la shahidi. Usitoe kwenye kundi moja tu kwa sababu limekuudhi. Wanabaki watano. Kwa joto la Morogoro saa 72 zinatosha.

Kupima: shika rula, tazama shada zima, soma pale mizizi mingi inapoishia. Achana na ule mmoja uliowakimbia wenzake. Chukua wastani wa vitunguu vitano, gawanya kwa wastani wa shahidi, zidisha kwa 100. Tuseme shahidi ana milimita 40, mtaro mtupu 12, wa asilimia 50 una 20, wa 25 una 31, wa 12.5 una 39. Ukuaji ni asilimia 30, 50, 77.5 na 97.5. Chora grafu, uone mstari unapokata nusu ya ukuaji: hapa ni pale maji ya mtaro yalipokuwa asilimia 50. Namba hiyo moja ndiyo ya kulinganisha mtaro wa mwezi huu na wa mwezi ujao. Lakini kabla hujatangaza, angalia vitunguu kimoja kimoja. Kama vya shahidi vinacheza kati ya 25 na 50, hizo 31 hazijasema kitu, na majaribio yarudiwe.

Urefu si habari yote. Tazama umbo. Ncha iliyovimba kama kirungu, mzizi uliojikunja kama ndoana, rangi ya kahawia, ute: yaandike yote. Wakati mwingine urefu haujapungua sana lakini nusu ya mizizi imejikunja.

Pima pia uchachu kwa karatasi za rangi, zile za maabara. Maji yenye uchachu mkali au chumvi nyingi hudumaza mizizi bila msaada wa kiuatilifu chochote.

Shule yenye hadubini iendelee mbele. Kata ncha za milimita 2 asubuhi, zilainishe dakika 5 katika asidi hidrokloriki ya molari 1 yenye joto la nyuzi 60, zitie rangi ya asetokamini, ponda taratibu chini ya kioo. Kitunguu kina kromosomu 16 tu, tena nene, ndiyo maana kinapendwa. Hesabu seli 1000, uone ngapi zinagawanyika, kisha ulinganishe na shahidi. Ukikuta vipande vya kromosomu vimeachwa nyuma, au daraja limenyooshwa kati ya pande mbili zinazoachana, hapo maji yamegusa urithi wa seli, si ukuaji peke yake. Sisi tumewahi kuona madaraja mara chache na kubishana sana kama ni madaraja kweli au ni uchafu wa kioo.

Mambo matatu kitunguu hakijui, na huwa nawaandikia ubaoni kabla hawajakimbilia nyumbani kuwatangazia wazazi. Hakijui jina la sumu. Kinajua kwamba kimeumia. Hakijui kipindupindu, maji yanayootesha mizizi mizuri yanaweza kukulaza hospitali, kwa hiyo yachemshe. Na hakina meno. Kuzunguka Mlima Meru yapo maji yenye floraidi inayozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na inawaachia watoto meno ya kahawia maisha yao yote. Kitunguu kinaweza kuogelea humo siku tatu kikanawiri. Madhara yanayohitaji miaka hayaonekani kwa saa 72.

Bibi alipata majibu yake. Maji ya siku ya kawaida hayakutofautiana na shahidi. Ya mvua ya kwanza yalikata ukuaji zaidi ya nusu, na hata kwa asilimia 25 ncha zilijikunja. Sikuweza kumwambia ni dawa gani, ila niliweza kumwambia lini: anapoona mvua ya kwanza, afunge mfereji wake siku mbili. Alinitazama kama mtu aliyetegemea zaidi, kisha akauliza kama vitunguu vilivyobaki vinaliwa.

Haviliwi. Maji ya mrututu usiyamwage mtaroni, utakuwa umeongeza kile ulichokuja kupima. Sisi huyaacha yakauke kwenye beseni lililofunikwa kwa wavu, mabaki yanatunzwa kwenye chupa yenye lebo. Vitunguu tunavikatakata na kuvifukia siku ile ile, nami nikiwa nimesimama pale pale. Mwaka juzi niliviacha usiku mmoja kwenye ndoo nje ya maabara, na asubuhi nikamkuta mpishi wa shule ameshavimenya, mafuta yako jikoni, maharage ya watu mia tatu yanasubiri.