Kutia Unga wa Maganda ya Karoti Katika Yogati

Karoti za Molo na Mau Narok zikichambuliwa kabla ya kupelekwa sokoni Nakuru, hubaki lundo la zilizovunjika, zilizogawanyika miguu na zilizo ndogo mno kupata mnunuzi, na jikoni nako maganda huishia kwenye ndoo ya ng'ombe. Ng'ombe halaumiwi, lakini sehemu ya mabaki hayo yafaa kurudi katika maziwa yake. Rangi ile ya chungwa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, maziwa ambayo hayajaenguliwa malai huipokea vizuri. Wala kutia kitu cha mmea katika maziwa si ugeni huku kwetu, kwani Wakalenjin hupaka kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, mkaa wa mti wa senetwet tangu zamani.

Si kila mabaki yanafaa. Spinachi ina oksaleti, kemikali ya mmea inayoshika kalisi ya maziwa mwili usiipate, na maganda ya viazi yaliyogeuka kijani yana solanini, sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa.

Sugua karoti kwa brashi katika maji safi kabla ya kuzimenya, kwa sababu udongo ukishaingia kwenye maganda yaliyojikunja hautoki kwa urahisi. Kata kichwa cha kijani na kila palipooza. Tumbukiza maganda katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, uyapoze mara moja kwa maji baridi, kisha uyatandaze yasilaliane kwenye kikaushio kilichofunikwa, kwa maana jua kali likiyapiga moja kwa moja huua rangi na virutubishi pamoja. Yamekauka pale ganda linapovunjika kwa mlio ukilikunja. Likipindika tu kama ukanda, bado lina maji na unga wake utaota kuvu. Saga, chekecha kwa kitambaa chepesi, na kilichobaki juu kisagwe tena. Kilo 1 ya maganda hutoa unga wa takribani gramu 100 tu, kwani sehemu kubwa ya karoti ni maji. Uweke katika chombo kikavu kisichopitisha mwanga.

Kwa lita 1 ya maziwa, anza na gramu 10 za unga. Utie unga huo katika maziwa yakiwa bado baridi, ukikoroga, usingoje yaive, kwa kuwa unga hubeba vijidudu ambavyo ni lazima vipitie moto pamoja na maziwa. Pasha hadi nyuzi 85 za Selisiasi, udumishe joto hilo kwa dakika 30, kisha upoze hadi nyuzi 43. Koroga vijiko 2 vikubwa vya yogati isiyotiwa sukari, yenye bakteria hai, funika sufuria, uizungushie blanketi, na usiitikise kwa saa 4 hadi 6. Ikishaganda, ipeleke kwenye friji.

Maji yakijitenga juu, au ulimi ukihisi chengachenga, aghalabu unga ulikuwa mwingi au haukusagika. Wengi hukimbilia kuongeza sukari, ambayo haitibu lolote kati ya hayo. Safari ijayo punguza unga hadi gramu 5 na uuchekeche mara mbili.