Viazi mviringo kwenda Kenya: namna ya kupata cheti cha usafi wa mimea kabla ya kufika Namanga

Msimu wa viazi ukikolea Njombe na Mbeya, sikosi simu ya mtu ambaye fuso lake limeshapakiwa, liko njiani, naye ndiyo kwanza anauliza cheti cha kuvukia Namanga kinapatikana wapi. Jibu langu huwa halimfurahishi. Karatasi za viazi vinavyokwenda Kenya zinaanzia Kenya, kwa mnunuzi, kabla gunia la kwanza halijashonwa.

Ninayoeleza hapa ni ya viazi vya kula. Viazi vya mbegu vina utaratibu wake, mkali zaidi, na ukaguzi wake huanza zao likiwa bado shambani. Hata forodha inavitenganisha: mbegu ni 0701.10, vya kula ni 0701.90. Nilishawahi kuona mzigo wa vya kula umeandikiwa namba ya mbegu kwa haraka ya wakala mmoja. Kusahihisha kulichukua siku mbili, na ilikuwa Machi, mvua inanyesha juu ya turubai.

Kibali cha mnunuzi kwanza

Mnunuzi wako wa Kenya ndiye anayeomba kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, shirika la Kenya linalosimamia afya ya mimea. Kikitoka, mwambie akutumie kurasa zote, siyo picha ya ukurasa wa kwanza uliopigwa muhuri. Unachokihitaji ni masharti: visumbufu gani (wadudu na magonjwa) visiwepo, wanasemaje kuhusu udongo, na maneno gani ya ziada yaandikwe kwenye cheti chako.

Hivi ndivyo mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea wa 1951 unavyofanya kazi: nchi inayopokea inapanga masharti, nchi inayotuma inathibitisha kwamba yametimizwa. Mkaguzi wa Tanzania bila kibali hicho mkononi hajui athibitishe nini. Mnunuzi akikwambia "we leta tu, tutamalizana mpakani", hatari yote ameiweka juu ya viazi vyako.

Maombi

Cheti hutolewa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2020 na kurithi kazi za TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Ngaramtoni, Arusha. Wazee wa biashara bado wanasema "nenda TPRI", na mawakala wa mpakani cheti chenyewe wanakiita faito tu.

Maombi yanapitia mfumo wa ATMIS wa Wizara ya Kilimo. Andaa TIN, leseni ya biashara, ankara ya mauzo na ile nakala ya kibali cha Kenya. Ukimaliza kujaza unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Humohumo kuna kibali cha kusafirisha mazao nje ya nchi, ambacho ni karatasi nyingine kabisa. Watu huvichanganya, wanafika mpakani na kimoja.

Jaza kwa utulivu sehemu hizi: jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kibali chake, wilaya vilikolimwa viazi, idadi ya magunia na uzito, alama zilizo kwenye magunia, mpaka wa kuingilia, chombo cha usafiri, na jina la kitaalamu, *Solanum tuberosum*. Ukiandika magunia 200 halafu ukaongeza kumi ya shemeji dakika ya mwisho, cheti chako hakifanani tena na mzigo. Namba ya gari nayo: fuso likikufia Babati ukahamishia viazi gari jingine, usiguse cheti kwa kalamu. Masahihisho yanafanywa na kuthibitishwa na mamlaka iliyokitoa, basi wapigie kabla hujaendelea na safari.

Kuandaa mzigo

Hapa ndipo mizigo mingi hukwama, na siyo kwa sababu ya karatasi. Kata majani shambani wiki mbili hivi kabla ya kuchimba ili ganda likomae. Kiazi kinachochubuka kwa kidole hakifiki salama. Chimba siku kavu. Udongo uondoe kwa kupangusa viazi vikiwa vikavu. Ukiviosha vitapendeza kwa macho, lakini vikifungwa na unyevu vitaanza kuoza kabla ya Dodoma.

Kwa nini udongo unaogopwa hivyo? Ndani yake husafiri bakteria wa mnyauko, pamoja na minyoo midogo ya mizizi ya viazi ambayo mayai yake hukaa ardhini miaka mingi. Kenya yenyewe iliwagundua minyoo hao mwaka 2015 huko Nyandarua, eneo lao kubwa la viazi, kwa hiyo hawana mzaha na jambo hili.

Chambua pia viazi vya kijani, vilivyokatwa jembe, vilivyochipua na vilivyotobolewa na nondo wa viazi. Nondo utamjua kwa kinyesi cheusi kama unga kwenye macho ya kiazi. Tumia magunia mapya. Gunia lililobeba viazi vya mtu mwingine limebeba na magonjwa yake.

Funga kilo 50 tangu shambani. Kanuni za viazi za Kenya za 2019 haziruhusu kifungashio kizidi hapo, na lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, ukiivusha utaifungua mwenyewe juani huku ukilipa wapakiaji mara mbili.

Siku ya ukaguzi

Omba ukaguzi kabla ya kupakia, viazi vikiwa ghalani, ili mkaguzi afikie magunia ya katikati na ya chini. Mara yangu ya kwanza mkaguzi alichagua gunia nililokuwa nimelisukuma ukutani, akamwaga viazi kwenye turubai, akachukua kimoja na kukikata katikati kwa kisu kidogo.

"Mama, sogea uone mwenyewe," akasema, akikiminya.

Kuzunguka nyama ya kiazi kulikuwa na duara la kahawia, na kutoka kwenye duara lile yakachuruzika matone meupe mazito kama maziwa ya mgando. Mnyauko bakteria. Kwa nje kiazi kilikuwa kizuri, isipokuwa kwenye macho, ambako udongo ulikuwa umeganda na kugoma kutoka. Sikupata cheti siku hiyo. Tangu hapo, kabla sijamlipa mkulima, nakata viazi vyake kadhaa mbele yake, nikianza na vyenye udongo uliong'ang'ania machoni.

Ukipita, soma cheti kabla ya kuondoka ofisini: mstari kwa mstari dhidi ya kibali cha Kenya, hasa yale maneno ya ziada. Usimwombe mkaguzi aandike daraja la viazi au bei kwa sababu mnunuzi anataka. Cheti hiki kinahusu afya ya mimea tu.

Njiani na mpakani

Dereva abebe cheti halisi, stakabadhi ya ushuru wa halmashauri na nakala ya kibali. Muulize wakala wa forodha mapema kama mzigo wako unahitaji kipimo cha mionzi cha TAEC, tume ya nguvu za atomiki, maana kukitafuta ukiwa Namanga ni kuchelewa.

Kwa ajili ya ushuru wa forodha unahitaji cheti cha uasili kuonyesha kwamba viazi vimelimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kutumia kile kilichorahisishwa, kinachotolewa palepale mpakani. Lakini usidanganyike: urahisi huo ni wa forodha. Hata magunia kumi yanahitaji cheti cha usafi wa mimea.

Namanga ni kituo cha pamoja tangu 2018, kwa hiyo ukienda Kenya taratibu za nchi zote mbili unazimalizia upande wa Kenya. KEPHIS watakagua tena, na wana haki hiyo hata kama cheti chako hakina doa. Wakikataa mzigo, omba sababu kwa maandishi, upige picha, uipeleke kwa ofisi iliyokupa cheti. Ukijibiwa kwa mdomo tu, hutakuwa na la kumwonyesha mkulima wala mnunuzi.

Cheti ni cha mzigo mmoja. Wiki ijayo ukipeleka viazi vya shamba lilelile kwa mnunuzi yuleyule, unaomba upya.