Ghala la korosho kabla ya Oktoba: mambo ya kuzingatia

Foleni ya malori nje ya ghala kuu haianzi siku malori yanapofika. Hutengenezwa Agosti na Septemba, ghala likiwa tupu na kila mtu akiamini muda bado upo. Mtwara, ambako korosho zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08, foleni hiyo si kero ya madereva peke yao. Mzigo ambao haujapokelewa hauna stakabadhi, na bila stakabadhi hauingii mnadani. Mkulima wa Newala aliyekwisha kupima korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika anabaki kusubiri fedha kwa sababu ya kitu kinachotokea getini, asikokuwepo.

Anza na mizani. Ihakikiwe na Wakala wa Vipimo mapema, si wiki ya ufunguzi ambapo kila ghala linawaita. Kisha ukae na viongozi wa vyama mkubaliane habari ya unyaufu: kilo zikipungua kati ya chama na ghala, nani ataandika, nani atasaini, na mzigo utaendelea kushushwa au la. Mabishano haya yakiachwa hadi lori liko kwenye mizani, lori linakaa hapo na walio nyuma yake wanakaa pia.

Kwa maoni yangu, panapokwamisha zaidi si kwenye kubeba bali kwenye kupima ubora. Lori la tani 30 lina magunia 375 ya kilo 80, na makuli wazoefu hawaoni shida kulishusha. Shida ni kwamba hawawezi kugusa gunia kabla sampuli haijatoa jibu. Mpimaji anachota korosho kwenye magunia mbalimbali, anapima unyevu, kisha anakata moja moja na kutenga viini vizima, vyenye madoa, vilivyonyauka na vilivyoliwa na wadudu. Kazi hiyo haiharakishwi, na haifai kuharakishwa, maana ndiyo inayotenga daraja la kwanza na la pili. Kinachowezekana ni kuianza mapema: mpimaji alifuate lori kwenye foleni badala ya kulisubiri mlangoni. Uwe na kipima unyevu cha akiba na betri zake, na wakataji wa kutosha kwa meza mbili.

Amua pia, kabla ya msimu, korosho zenye unyevu uliozidi asilimia 10 zitakwenda wapi. Kama kuna uwanja wa saruji na maturubai, zianikwe hapo na lori liondoke. Kama hakuna, vyama viambiwe wazi kwamba zitarudi.

Ndani, panga sakafu kwa kufikiria mzigo utakavyotoka. Ghala likijazwa kwa haraka ya kupokea tu, mnunuzi akija na kibali cha kuchukua mzigo wake, ataukuta umezibwa na wa mwingine, na makuli watahamisha magunia yale yale mara mbili. Chora mistari, acha njia kati ya marundo na nafasi ukutani, yape marundo namba, na magunia yakae juu ya chaga. Penye milango miwili, mmoja uwe wa kupokea na mwingine wa kupakia kwenda bandarini. Penye mmoja, gawa saa: asubuhi kupokea, mchana kupakia.

Paa lisisahaulike. Funga milango yote saa sita mchana, simama katikati ya ghala utazame juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu, na mvua za Desemba zitakuta magunia bado yamo.

Malipo ya makuli kwa gunia yaandikwe na kukubaliwa sasa. Kuwe na maji, choo na kivuli, vya madereva pia. Kuwe na daftari la karatasi kwa siku ambayo umeme na intaneti vimekatika.

Vyama vipewe siku zao za kuleta, kwa zamu, na simu ipigwe siku moja kabla. Bila ratiba wote huja wiki ya kwanza.

Mwisho wa Septemba, ingiza lori moja la majaribio lenye magunia. Andika saa linapofika getini, kwenye mizani, mlangoni na linapotoka. Palipokula muda mwingi ndipo pa kuongeza mtu au meza, na bado una siku kadhaa za kufanya hivyo.