Kukadiria Muda wa Safari ya Ndege kati ya Dar es Salaam na Mwanza

Umbali wa anga kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere na uwanja wa Mwanza ni takriban kilomita 850, ilhali kwa barabara safari hiyo huzidi kilomita 1,100, kwa kuwa ndege haizunguki kupitia Dodoma na Singida. Ili kupata makadirio ya haraka kwa ndege za jeti, gawanya kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa kwa ajili ya ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Kwa Mwanza utapata kama saa moja na nusu. Ndege za mapanga (propela) huchukua muda mrefu zaidi.

Muda unaochapishwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuishia inapoegeshwa, hivyo hauhusishi foleni ya ukaguzi wala safari ya kwenda Kipawa, ulipo uwanja wa Dar es Salaam, ambayo jioni yenye msongamano yaweza kuushinda muda wa kuwa angani.

Tiketi huandika saa kwa mfumo wa kimataifa wa saa 24, si wa Kiswahili, na kwa saa za mahali husika: 01:00 ni saa saba usiku, si saa moja, na tarehe huwa tayari imebadilika, jambo ambalo limewaacha wengi wakifika uwanjani siku nzima baada ya ndege kuondoka. Kwa anayeelekea Dubai, ambako saa iko mbele kwa saa moja, aipunguze saa hiyo anapotafuta muda halisi wa safari.