Somo: Kupika moyo, maini, figo na ulimi wa kulungu uliyemwinda

Wawindaji wengi wa kulungu (hapa ni yule aitwaye "deer" kwa Kiingereza, si pongo wa Afrika) huchukua mapaja, mgongo na mabega, kisha huacha moyo na maini porini pamoja na utumbo. Ni hasara, lakini afadhali hasara hiyo kuliko kupika usichokikagua. Zaidi ya nusu ya somo hili ni kazi ya macho na kisu. Moto unakuja mwishoni.

1. Mnyama angali na joto

Vaa glovu. Pasua tumbo kwa uangalifu, ncha ya kisu ikielekea juu, ili usitoboe utumbo. Risasi ikiwa imepita tumboni, chochote kilicholowa uchafu wa utumbo ni cha kutupa. Vijidudu vya E. koli huweza kuwa humo, na kusuuza kwa maji hakutoshi.

Aliyezoea kuchinja mbuzi ataanza kutafuta kifuko cha nyongo ili asikipasue juu ya ini. Asijisumbue: kulungu hana kifuko hicho. Uchungu ukiujaza mdomo, sababu iko kwingine, mara nyingi ni damu iliyobaki au ini lililokaa kwenye joto.

Weka viungo kwenye mfuko safi, mbali na nyama nyingine, kisha kwenye barafu mapema uwezavyo. Lengo ni kushuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Ini huharibika kabla ya paja, kwa hiyo usisubiri hadi umalize kuchuna.

2. Ukaguzi

Ini zuri ni jekundu la kahawia iliyoiva, laini juu, kingo zake nyembamba. Likate vipande kadhaa uangalie ndani. Ukiona vifuko vya usaha, madoa meupe, makovu au mifereji yenye uchafu mweusi, huenda ni kazi ya minyoo bapa ya ini. Tupa ini lote.

Angalia pia mapafu na ndani ya mbavu hata kama huli mapafu. Vinundu vya rangi ya manjano au kahawia hafifu, vya ukubwa wa punje ya njegere, vinaweza kuwa kifua kikuu cha wanyama. Hapo usiguse kitu zaidi. Waite maofisa wa wanyamapori.

Kama kichwa cha risasi kilikuwa cha madini ya risasi na si shaba, kata mbali sana na jeraha. Vipande vyake husambaa vikiwa vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Moyo uliopigwa wenyewe, mimi siupiki.

3. Moyo

Anza na huu, hasa kama nyumbani kwako kuna watu wanaokunja uso wakisikia neno "maini". Moyo ni msuli tu. Ladha yake ni ya nyama nzuri isiyo na mafuta, na anayeula bila kuambiwa hatajua.

Ufungue kwa ubavuni kama kitabu. Osha damu iliyoganda, kisha ondoa vali, nyuzi nyeupe na mishipa mikubwa ya juu. Toa mafuta yote ya nje bila huruma: mafuta ya kulungu huganda upesi mdomoni na kunata kwenye kaakaa, na ndiyo yanayowafanya watu waseme nyama ya porini haina ladha. Loweka kwenye maji baridi yenye chumvi kwa saa kadhaa, kisha ukaushe vizuri. Kilicholowa hakikaangiki, kinachemka.

Kata vipande vyembamba, nusu ya unene wa kidole. Pasha kikaango hadi mafuta yakaribie kutoa moshi, weka vipande vichache kwa wakati mmoja, dakika mbili kila upande. Chumvi, pilipili manga, na kitunguu saumu mwishoni kisije kikaungua. Kula kikiwa moto.

Mnyama akiwa mzee, acha kukaanga. Kata vipande vinene, pika kwa moto mdogo na vitunguu na mchuzi kwa saa mbili au zaidi.

4. Maini

Chukua ya mnyama mchanga. Menya utando wa juu, ondoa mirija, loweka kwenye maziwa au maji ya chumvi usiku mzima kwenye friji. Kata unene wa sentimita moja, pitisha kwenye unga wa ngano, kaanga kwa siagi. Kaanga vitunguu kwanza, hadi viwe vitamu na vya kahawia, uvitoe pembeni. Ini lisiwe bichi katikati, ila likizidi moto huwa kama chaki. Kipimajoto kikifika nyuzi 71, epua papo hapo.

5. Figo na ulimi

Figo: menya, pasua katikati, kata kiini cheupe chote, kwa kuwa harufu ya mkojo imejificha humo. Loweka, kaanga. Kwa mnyama mzee sizili, sababu nitaieleza chini.

Ulimi: chemsha kwa saa mbili hadi tatu, menya ngozi ukiwa bado wa moto. Ukipoa ngozi hukataa kutoka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, umesema sababu ya figo iko chini. Ni ipi?*
Kadimiamu. Metali hii hukusanyika kwenye figo na ini kadiri mnyama anavyozeeka, na kupika hakuiondoi. Fuatilia pia matangazo ya mahali unapowinda. Jimbo la Maine, Marekani, mwaka 2021 liliwaambia watu wasile kabisa kulungu wa eneo la Fairfield kwa sababu ya PFAS, kemikali za viwandani zisizooza kwa urahisi.

*Mzee, mbona wengine hula ini likiwa na damu damu, na hawaumwi?*
Wapo, na wapo walioumwa. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walieleza watu walioambukizwa homa ya ini aina ya E kwa kula nyama mbichi ya kulungu. Kuna pia vimelea vya toksoplasma. Nyuzi 71, ndugu yangu.

*Mke wangu ni mjamzito na anapenda maini sana.*
Mpe moyo uliopikwa ukaiva. Ini lina vitamini A nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwenye jongo naye awe mwangalifu na viungo hivi vyote.

*Ubongo je? Na wengu?*
Hapana. Kuna ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967 na kuonekana Norwei mwaka 2016. Prioni zake, yaani protini zilizoharibika zinazoeneza ugonjwa huo, hukusanyika zaidi kwenye ubongo, macho, wengu, tezi za limfu na uboho wa uti wa mgongo, na moto wa jikoni hauziui. Haijathibitishwa kuwa umempata binadamu, lakini ukiwinda penye ugonjwa huo, mpime mnyama na usile sehemu yoyote kabla ya majibu. Majibu yakionyesha anao, tupa nyama yote. Mnyama anaweza kuwa nao akiwa amenona, usimwamini kwa sura.

*Naweza kukata sehemu yenye madoa ya minyoo na kula ini lililobaki?*
Aina kubwa ya minyoo bapa ya Amerika Kaskazini haimwambukizi binadamu, hivyo kuna wanaofanya hivyo. Mimi natupa. Mifereji yake huacha nafasi kwa bakteria.

*Basi hayo ya kutupa niwape mbwa?*
Usiwape mabichi, dada. Mapafu na maini yanaweza kuwa na vifuko vya tegu ambao hukua ndani ya mbwa, kisha mayai yake hutoka kwenye kinyesi na kuwafikia watoto wanaocheza naye. Fukia chini sana.