Ukikwama kuamua, usisimame tu

Kama umeomba wiki nzima na bado hujui uende kulia au kushoto, soma Matendo 16:6-10. Paulo na wenzake walikuwa safarini tayari. Roho Mtakatifu akawakataza kulihubiri neno Asia (jimbo la Kirumi katika Uturuki ya leo, si bara zima). Wakajaribu kuingia Bithinia, wakazuiwa tena. Hawakuketi kungoja sauti. Walishuka hadi Troa, na huko ndiko Paulo alipoona usiku maono ya mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Kumbe hata milango ile miwili iliyofungwa ilikuwa uongozi! Nadhani mara nyingi tunaita "kumngoja Bwana" kile ambacho hasa ni woga wa kukosea.

Basi, jambo lako likishapimwa kwa Neno na likawa halina dhambi, jiwekee siku ya kuamua. Kabla ya siku hiyo omba hekima kama Yakobo 1:5 inavyosema, na uulize Mkristo mmoja aliyekomaa, asiyeogopa kukwambia usichopenda kusikia. Siku ikifika, chukua hatua ndogo unayoweza kurudi nyuma kutoka kwayo: peleka barua ya kuomba kazi mpya, lakini usiache kwanza uliyo nayo.